Ukucha wa Mama na Ncha Iliyolika

Wiki iliyopita walikuja kwangu wanafunzi wanne wa kidato cha sita, wametumwa na mwalimu wao wa fizikia. Wakaniamkia vizuri, nikawaitikia, nikawapa chai. Mmoja wao, binti mwenye miwani, hakungoja hata chai ipoe.

"Bibi, tumesikia ulikuwa unaona atomi. Ni kweli?"

Nikamwambia si kweli. Karibu miaka ishirini nimekaa mbele ya mashine ile na sikuona kitu, nilipapasa tu. Na mtu yeyote akikuletea picha nzuri ya vitu vidogo namna hiyo, kabla hujamsifu muulize alitumia ncha gani na mara ya mwisho aliikagua lini.

Wakacheka, wakidhani bibi anatania. Chai ikaisha kabla sijamaliza kujieleza, wakaondoka kuwahi chakula cha bweni. Kwa hiyo yaliyobaki nayaandika, muyasome nyinyi wanne na wengine wote mnaotamani kuvaa koti jeupe la maabara. Mimi ni Skolastika, fundi sanifu mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa Ufipa, binti wa mfinyanzi. Kazi niliifanyia mbali, kwenye chuo ambacho sina haja ya kukitaja, kisha nikarudi Sumbawanga kuzeekea kwenye baridi niliyoizoea.

Hadubini mnayoijua shuleni inatumia mwanga. Yetu haikuwa na jicho. Ilikuwa na ncha, kali kuliko sindano yoyote mliyowahi kuchomwa, imekaa mwishoni mwa mkono mwembamba sana uliochomoza kwenye kibanzi kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Ncha ile unaishusha taratibu mpaka inakaribia kugusa kile unachokichunguza, kisha mashine inaitembeza mstari kwa mstari, kwenda na kurudi, kama mtu anayepalilia bila kuruka tuta. Panapoinuka, mkono unapinda juu, na panapobonyea unashuka. Mwali wa leza unapima kupinda huko, na kompyuta inachora milima na mabonde. Kwa hiyo picha inayotoka ni ramani ya mipapaso. Pale maabara mashine hiyo tuliiita Mpapasaji.

Mpapasaji alikuwa na maringo. Mtu akipita koridoni na viatu vizito, picha inatetemeka. Profesa wangu, mtu mrefu wa Mbeya, mlokole, asiyejua kupaza sauti, alikuwa anavua viatu mlangoni na kuingia na soksi, na wageni wakubwa wakija kutembelea chuo aliwavulisha wao pia. Mashine yenyewe tuliiweka juu ya bamba la jiwe, na bamba tulilining'iniza kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu za lori, ili tetemeko la jengo lisiifikie. Mwezi wangu wa kwanza nilipata picha yenye mawimbi mazuri, yamepangana, yanapendeza. Nikaita wenzangu waje waone. Profesa akaitazama, akatoka, akaenda chumba cha pili na kuchomoa waya ukutani. Mawimbi yakakatika papo hapo.

"Hongera, Skola," akasema. "Umepiga picha ya friji."

Nililiona jambo hilo la kuchekesha kwa miaka mingi. Siku hizi nikilisimulia nacheka nusu, kwa sababu onyo lote lilikuwa mle ndani nami nikalipokea kama mzaha. Mashine ile inaweza kukupa picha safi kabisa ya kosa lako mwenyewe.

Profesa alinifundisha pia kipimio. Ni kipande kidogo chenye vitundu vilivyochongwa kiwandani, ambavyo upana wake unajulikana. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi yoyote, unapapasa kipimio. Vitundu vikitoka na upana wake, ncha ni nzima. Vikitoka vyembamba kuliko unavyovijua, ncha imelika, kwa sababu ncha butu haiingii shimoni. Inaegemea ukingo huu, inaegemea ukingo ule, inapita juu, na shimo pana linachorwa kama kishimo. Ncha iliyolika unaitupa, unaweka mpya.

Tatizo ni hilo neno kutupa. Hapa Ufipa nililelewa katika nyumba ambayo kitu hakitupwi. Majani ya shamba tunayafukia kwenye matuta yawe mbolea. Chungu kikivunjika, kipande kikubwa kinakuwa kikaango cha kukaangia karanga, kidogo kinawekewa maji ya kuku, na vumbi lake Mama analisaga na kulirudisha kwenye udongo mpya. Sasa mtoto wa nyumba hiyo unampa kijisanduku cha ncha zinazotoka ng'ambo, zinazochukua miezi kufika, halafu unamwambia atupe moja baada ya siku mbili tatu! Mkono ulikuwa unakataa. Nikaanza kuzibakiza. Kisha nikafikiri, kwa akili yangu nzuri, kwamba kupapasa kipimio nako kunaila ncha, kwa hiyo nikiruka kipimio ncha itadumu zaidi. Nikaruka siku moja, halafu wiki. Profesa hakujua. Aliniamini, na wenzangu walinisifu kwa ubahili.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya chujio la maji. Lilikuwa ndoo mbili zilizopandana, katikati kuna utando mwembamba mweupe wenye vitundu ambavyo maji yanapita lakini kijidudu cha kipindupindu hakipiti. Utando tuliumimina wenyewe pale chuoni. Mkupuo wa kwanza tuliupima kwa kila njia, hata kwa kupitisha maji yenye vijidudu kwenye maabara ya jirani, ukafaulu. Mkupuo wa pili tuliumimina kwa haraka maana wafadhili walikuwa wanataka kuona ndoo vijijini. Ikaamuliwa kwamba kwa kuwa ni utando ule ule, inatosha Mpapasaji aukague. Maana yake, inatosha Skola aukague.

Nilikagua vipande vingi. Vitundu vilitoka vidogo kuliko vya mkupuo wa kwanza, kingo zake laini, na kadiri siku zilivyokwenda vilizidi kuwa vizuri. Nilifurahi kweli. Nilidhani tumekuwa mahodari wa kumimina.

Ndoo zikapelekwa kijiji kimoja cha wavuvi kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa boti kutoka Kasanga. Nilitumwa mimi kwenda kuzikabidhi kwa sababu ndimi niliyekuwa mtu wa Rukwa pale maabara. Watu walikusanyika kwenye shule. Nikaonyesha namna ya kumimina maji na kusafisha ndoo, nikawaambia kwamba kuanzia siku hiyo hawana haja ya kuchemsha maji ya kunywa. Kina mama wakapiga vigelegele, maana kuni kule ni za shida.

Alikuwepo mchuuzi mmoja wa migebuka, wale samaki wa ziwani, wanamwita Mama Salumu. Hakupiga kigelegele. Alisubiri wengine watawanyike, akanifuata na mtoto wake mgongoni, na huyo mtoto ndiye Salumu.

"Mtaalamu, mimi maji yangu huwa nachemsha. Hata kuni zikikosekana naomba kwa jirani. Sasa hata huyu, naye asichemshiwe? Ana miaka miwili."

"Hata huyu," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi, mama. Nimekagua mwenyewe."

Akashukuru. Salumu alikuwa ameshika hereni ya mama yake anaivuta, na mama anamwambia aache, hasikii. Nilimpa biskuti niliyokuwa nayo mkobani.

Nikiwa narudi kazini nilipita nyumbani kwa Mama, ng'ambo ya barabara ya Laela, nikakaa naye siku tatu. Alikuwa mzee tayari lakini bado anafinyanga. Nilimkuta amekaa nje na vyungu sita vimepangwa ukutani, uso wake umekunjamana.

"Vimerudishwa," akaniambia. "Vyote vinavuja. Mwanamke mmoja kaja navyo kutoka sokoni mjini, kaniwekea vyungu vyangu mbele ya majirani."

Mnapaswa kujua jinsi Mama alivyokagua chungu. Kikishakauka, kabla ya kukichoma, alikuwa anapitisha ukucha wa kidole cha shahada pande zote, taratibu, amefumba macho. Penye ufa ukucha unakwama kidogo, hata kama jicho halioni kitu. Anapaziba kwa udongo laini, anapasugua kwa kokoto, anapita tena. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuongea akiwa kwenye kazi hiyo.

Nikamuuliza, hukuvipitisha ukucha?

"Nilivipitisha. Msimu huu wote kila chungu kilikuwa laini. Laini kabisa, Skola! Nikasema moyoni, uzee umenipa mkono. Kumbe ukucha umelika." Akaninyooshea kidole nikitazame. Mchanga wa udongo ulikuwa umeula ukucha mpaka kwenye nyama, umebaki ukingo butu. "Nilikuwa nakagua chungu. Ukucha wenyewe sikuukagua."

Alisema hayo kwa Kifipa, kwa uchungu wa mtu aliyeaibishwa, wala hakuwa ananifundisha kitu. Mimi nilisimama pale na sinia la ugali mkononi. Vitundu vidogo, kingo laini, kila siku vizuri zaidi. Nikakaa chini kwenye vumbi. Mama akauliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka na safari.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Sasa sikilizeni vizuri, maana ninalotaka kuwaambia hasa ni hili. Namba ya mtendaji wa kile kijiji ilikuwa kwenye simu yangu. Ningeweza kupiga saa ile ile, nikasema: waambieni watu wachemshe maji, nina wasiwasi, nitaeleza baadaye. Maneno hayo hayafiki hata dakika moja. Sikupiga. Nilijiambia kwamba mtu wa sayansi hatangazi jambo ambalo hajalithibitisha. Nilijiambia pengine ncha haikulika kiasi hicho. Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliwaza sura ya Profesa, niliwaza vile vigelegele, nikataka kwanza nijue kwa hakika kama nimeharibu.

Jumatatu na Jumanne nilikuwa kwenye basi. Jumatano nikafungua kijisanduku, nikatoa ncha mpya, nikaanza na kipimio kama nilivyofundishwa. Kikatoka sawasawa. Nikaweka kipande cha utando wa mkupuo wa pili. Vitundu vikatoka vipana, vingine vimeungana, vingine kijidudu kingepita bila kuinama. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikarudia. Nikaweka kipande kingine, na kingine, mpaka jioni, nikitafuta hata kimoja kitakachonitetea.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa Profesa, nikaweka picha mbili mezani, ya ncha iliyolika na ya ncha mpya, nikamweleza yote, pamoja na kipimio nilichokiruka. Alizitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akauliza, "Wameambiwa wachemshe?"

"Bado."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Hakunigombeza. Akachukua simu yangu iliyokuwa pale mezani, akanikabidhi mkononi, akasimama kando yangu mpaka ikaita.

Mtendaji alipokea kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. "Mtaalamu, tuna kuhara na kutapika hapa tangu juzi. Daktari kashafika, tumeshatangaza wachemshe kila kitu. Wagonjwa kumi na mmoja wako kambi ya matibabu."

Nikauliza ni kina nani. Akaanza kutaja. Wa nne kutajwa alikuwa Salumu.

Salumu alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, na wengine kumi wakapona.

Tulisafiri, Profesa na mimi, tukafika siku ya tatu ya msiba. Daktari alitueleza kwamba hakuna awezaye kusema kwa hakika mtoto aliupata wapi. Watoto wanacheza ziwani siku nzima, wanayanywa yale maji wakiogelea, na katika wagonjwa kumi na mmoja watatu hawakuwa na ndoo zetu kabisa. Aliyasema kwa wema, na nilijua ni kweli. Nikajua pia kwamba nikiingia kwa Mama Salumu na maneno hayo mdomoni nitakuwa nimekwenda kujitetea.

Nilikaa naye mkekani, wanawake wengine wakatupisha. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya maabara. Nilimwambia nilikuwa na kifaa cha kukagulia, kimeharibika, sikukiangalia, nikawaambia maji ni salama. Nikamwambia nilishtukia Jumapili, na nikanyamaza mpaka Alhamisi. Alikuwa anachezea pindo la kanga yake. Hakulia, wala hakuniangalia.

"Ulisema umekagua mwenyewe," akasema.

"Nilisema."

"Ungesema hujui, ningechemsha." Akalikunja lile pindo. "Mimi nilikuwa nachemsha kabla hujaja, dada."

Maneno hayo nimeyabeba kwenye kila chumba nilichoingia tangu siku ile.

Ndoo zilikusanywa zote. Profesa aliandika taarifa, akaeleza kosa lilivyotokea, akaweka jina lake juu ya langu, ingawa nilimwomba asifanye hivyo. Alisema aliyepaswa kumkagua mkaguzi ni yeye. Sikufukuzwa. Nilitamani kufukuzwa, maana ingekuwa rahisi kuliko kurudi kila asubuhi na kuwasha mashine ile ile. Nikarudi. Kwa miaka tisa iliyofuata sikuanza siku bila kipimio, na kila ncha niliiandikia kwenye daftari siku ilipozaliwa na siku ilipokufa. Vijana waliokuja kujifunza waliniita Bibi Kipimio nyuma ya mgongo wangu. Nilijua, na nililipenda jina hilo.

Mambo ya kazi ninayoweza kuwaachia si mengi. Geuza sampuli robo mzunguko, kisha papasa tena. Umbo lisipogeuka pamoja nayo, basi umbo hilo linatoka kwenye ncha yako. Usishike kibanzi kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaharibu, tumia kibanio. Utando utakaofanya kazi majini upapase ukiwa majini, kwa sababu ukikauka unabadilika. Kazi ikikuendea vizuri kupita kiasi siku tatu mfululizo, simama, tafuta friji. Na ukiwa na shaka juu ya kitu ambacho watu wanakinywa au kukila, sema ungali na shaka. Uthibitishe baadaye. Shaka yako ni mali yao, wana haki nayo kabla yako.

Ile ncha iliyolika ninayo. Iko kwenye kiberiti, juu ya pamba, pembeni ya kokoto ya Mama ya kusugulia vyungu. Mama hayupo tena. Hakuwahi kujua alichoniambia siku ile, na nadhani ningemwambia angeniuliza kwa nini sikukimbia na sinia lake mkononi mpaka kwenye simu.

Mama Salumu sasa anapandisha samaki wakavu kuwauza soko la Sumbawanga. Mwaka ule niliostaafu alisikia kwamba nimerudi, akaulizia, akafika mlangoni kwangu na tenga lake. Akasema amekuja kupumzika kidogo, jua kali. Tangu siku hiyo hufikia kwangu kila akipanda. Sikumuuliza kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu anaweza kumtaja Salumu mbele yangu, nami ninamkumbuka, pamoja na ile hereni.

Juzi alikuja tena. Akatua tenga, akavua viatu, akaniuliza habari za mguu wangu unaouma. Nikamletea kikombe cha maji.

"Umeyachemsha, dada Skola?"

"Nimeyachemsha."

Hakunywa. Aliinuka, kama anavyoinuka kila mara, akaenda jikoni kwangu, akafunua sufuria, akaweka kiganja ubavuni mwake kusikia kama kuna joto. Kisha akarudi, akakaa, akanywa maji yote.